Fimbo ya Babu Mkononi mwa Bwana Hakob

Jumatatu, 3 Machi
Sauti moja haijanitoka: Babu Akonaay akikohoa nje ya ua. Mara mbili, fupi, kisha kimya, akisubiri kukaribishwa hata kwake mwenyewe. Tulimzika mwaka juzi. Leo kikohozi chake kimenipa wazo.

Bwana Hakob, Muarmenia anayenunua alizeti hapa Katesh, ameomba uraia wa tajnisi. Wiki ijayo anahojiwa na wazee wa kamati ya kata. Akipita, anajenga kiwanda cha mafuta na mimi ndiye meneja. Akikataliwa, anafunga ghala, nami narudi kupalilia maharage na shahada yangu. Vitalis, karani wake, anamkaririsha Katiba. Nimemwambia wazee hawaulizi Katiba, wanaangalia mtu anavyoingia uani. Vitalis akasema basi nimfundishe na kukamua ng'ombe. Mpuuzi.

Jumatano, 5 Machi
Mafunzo. Asimame nje, akohoe, asubiri. Hajui mikono aiweke wapi. Nimemchukulia fimbo ya Babu, ile ambayo Bibi Kornelia amekataza isishikwe na mtu asiye wa ukoo. Bibi sijamwambia. Bwana Hakob akaishika, akakohoa. Mara mbili, fupi.
Sikuwa nimemwambia mara ngapi.

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja kwetu mchana. Kikohozi nje ya ua. Bibi, bila kuinua macho kwenye maharage anayochambua, akasema, "Ingia, mbona umekawia?" Akammiminia uji kwenye kibuyu ambacho hakijaguswa tangu msiba. Bwana Hakob akauliza yule ng'ombe wa pembe moja yuko wapi. Aliuzwa nikiwa darasa la pili.
Mwanafunzi anaendelea vizuri. Mbwa hajatoka chini ya kitanda.

Jumanne, 11 Machi
Kamati. Vitalis kaja na Katiba kwapani. Haikufunguliwa. Mzee Bonaventura, ambaye tangu Babu afariki hana wa kumwamkia kata nzima, alisikia kikohozi mlangoni akasimama. "Shikamoo, Akonaay." Bwana Hakob akajibu, "Marahaba." Hakuna aliyecheka. Wakampitisha bila swali. Kisha wakaniuliza mimi ni mtoto wa nani.
Nimeshinda. Nimejifunika mablanketi mawili. Ni baridi ya mlima.

Alhamisi, 13 Machi
Bwana Hakob ameniita. Nikavaa sketi ya umeneja. Amesema binti wa ukoo wake hashindi kiwandani na wanaume. Ameshaongea na baba yake Vitalis, mahari italetwa baada ya mavuno. Nikasema mimi si binti yake. Akanitazama kwa huzuni, akaniita jina ambalo Babu peke yake alinitania nalo.
Nimeivuta fimbo. Haikutoka mkononi mwake. Mlangoni Vitalis akanisalimia, "Mambo, mchumba."

Ijumaa, 14 Machi
Nimetafakari kwa utulivu, kama msomi. Fimbo haikuwa kosa. Kosa ni kumleta Babu bila mtu wa kumzuia, na Babu alimwogopa mtu mmoja tu duniani: baba yake.

Aram, mdogo wake Bwana Hakob, naye anataka uraia. Kigoda cha baba yake Babu kilikuwa Endagikot kwa shangazi Fausta, kimegeuziwa ukutani, na shangazi alikuwa shambani. Sikuomba. Nimemwacha Aram amekikalia, amevua viatu, anauliza ni nani amejenga mji kwenye malisho yake.