Kuhusu X Nyekundu Kwenye Ukuta wa Mama Yangu

Modesti Romani,
Kitongoji cha Kalundi,
Juu ya mteremko wa kwenda Muze.
(Majibu yaachwe kwa fundi baiskeli Ngeleja, Kasense. Atanifikishia.)

Kwa Bwana Enock,
Mwenyekiti, Klabu ya Baiskeli za Milimani,
Sumbawanga Mjini.

YAH: MALALAMIKO JUU YA NJIA YENU NGUMU, PAMOJA NA OMBI LA BARABARA

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka huku ambako wewe mwenyewe ulipaita peponi pa waendesha baiskeli. Sisi wakazi wa peponi hatujambo, isipokuwa mama yangu mzazi, Epifania, ambaye hii ni wiki ya tatu analala jikoni na kuku wake kwa sababu nyumba haina paa. Paa limeng'olewa kwa ajili yenu. Juzi mawingu yalianza kujikusanya upande wa bondeni, na sisi wa Ufipa tunajua mawingu hayo huwa hayaji kusalimia. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye kalamu huishika kwa kuandika majina ya wenye magunia tu. Naomba barua hii isomwe mbele ya wanachama wote, wakiwa wamevua helmeti ili wasikie vizuri.

Kabla ya kulalamika nawapongeza. Mlihangaika mwaka mzima kutafuta njia ya baiskeli itakayowatesa vya kutosha. Mkaenda Kipili, mkarudi mnanung'unika kwamba kule mmekula samaki tu na hakuna aliyeumia. Mkajaribu Kasense, mkasema njia za mashambani ni laini mno. Mwishowe mkafika kwetu, mkasimama juu ya mteremko, mkaliona lile korongo, mkapiga makofi. Nina miaka arobaini na sita, na sikuwahi kuona mtu mzima, mwenye kazi yake ofisini, anapigia makofi korongo.

Mlinichukua mimi niwe kiongozi wa njia, na sikatai, nilifurahi. Miaka kumi na tisa nimeshuka mteremko ule na maharage na kupanda na mpunga, kwenye baiskeli yenye keria pana, gia moja, na breki ambayo ni kandambili ya mguu wa kulia. Ninyi mlikuwa sita, kila mmoja na gia ishirini na saba, mkinifuata nyuma. Hadi hapo sina neno. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kibao. Mmesimika juu ya mteremko kibao kizuri cha mbao kisemacho: NJIA NGUMU, DARAJA LA NNE. WATAALAMU TU. Njia hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ndiyo ya watoto kwenda shule. Jumatatu baada ya kukisimika, darasa la tatu lote lilikaa chini ya kibao hadi saa nne, na Mwalimu Herieth alipokuja juu kuwafuata, wakamwambia kwa adabu kabisa kwamba wao si wataalamu. Mwalimu naye tangu siku hiyo ameanza kuuliza kama mtaalamu wa daraja la nne anastahili mshahara ule ule anaopata. Kuna bibi wa miaka sabini hupita hapo na mzigo wa kuni kichwani. Aliomba asomewe kibao, aliposomewa ilibidi autue mzigo ili acheke vizuri.

2. Jina. Ile kona kali ya katikati, penye jiwe jeusi, mmeiita Kona ya Raha, na mmeiandika hivyo kwenye ramani yenu ya simu. Pale ndipo alipofia baba yangu, Romani. Tulikuwa tumembeba kwenye machela kutoka bondeni tukimpeleka hospitali, wanaume wanane. Tukasimama pale tubadilishane mabega, na tulipomwangalia tukaona hatuna tena sababu ya kuharakisha. Hamkujua. Lakini naomba jina libadilishwe.

3. Ndugu Victor, mhasibu wenu. Alianguka kijitoni, akageuka mara mbili hewani, akatua kwenye matope, akainuka anasema, "Oya mshikaji, hii tamu sana!" Kisha goti likavimba. Nikampakia kwenye keria juu ya gunia la mpunga nikamsukuma hadi kwa mganga wa zahanati. Huku kwetu watu huanguka pale kila masika, na sijasikia hata mmoja akisema ni tamu. Inawezekana hatujui kuonja.

4. Ng'ombe wa Masalu. Jirani yangu Masalu, aliyetoka Shinyanga na ng'ombe wake sitini, huteremsha mifugo kwa njia hiyo kwenda kunywa maji. Sasa kila Jumamosi ng'ombe wakisikia kengele zenu hupanda mlima kurudi nyumbani na kiu yao. Masalu anauliza, kwa heshima, kama kuna ratiba, ili awafundishe ng'ombe.

5. Salamu ya mguu mmoja. Hili ndilo kubwa, na ndilo mzizi wa mengine. Kwetu ukimkuta mzee mlangoni pake unashuka kwenye baiskeli. Unailaza. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizwa nyumbani, unaulizwa mvua, unaulizwa ulezi umeotaje kwenu hata kama kwenu hakulimwi ulezi. Ni mambo ya nusu saa. Katika nusu saa hiyo mwenye nyumba hujua umetoka wapi na unataka nini, na hakuna mtu Ufipa aliyewahi kung'oa paa lake kwa kukosa habari. Ninyi mlipofika kwa mama mlisema, "Shikamoo mama!" wote sita kwa pamoja, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedeli. Akaitikia marahaba. Akauliza kwa Kifipa ninyi ni akina nani. Mkatabasamu mkanywa maji.

6. X. Baada ya maji mkatoa kopo la rangi nyekundu. Najua mlikuwa na nia njema, kwamba mwendesha baiskeli akifika kwenye ukuta ule asinyooke akaingia jikoni, akate kushoto. Mkachora X kubwa, na chini yake mkaandika 7, kwa sababu ni kituo cha saba.

Ndugu Mwenyekiti, nakuuliza kwa upole. Umezaliwa nchi gani? Mtoto wa chekechea wa Tanzania akiona X nyekundu ukutani anajua barabara inapita hapo na nyumba inakwenda. Tena hii ina namba! Tena waliochora wamevaa helmeti, wana chombo cha kupima kwenye usukani, na mmoja ana kamba ya futi mfukoni. Mlikosa tingatinga tu. Mlipoondoka, mama alisimama mbele ya ule ukuta hadi rangi ikakauka.

7. Paa. Mtu mwingine angepiga kelele. Mama yangu alipiga magoti. Miaka arobaini watu wa Kalundi wanaahidiwa barabara ya kushuka Muze, na baba alikufa akiisubiri. Mama akawaita wanajumuiya wakasali rozari ya shukrani, kisha akasema maneno ambayo katekista Teodori ameyarudia kanisani: "Kama ni nyumba yangu inayoizuia barabara, ivunjwe leo. Mume wangu alifia njiani. Mtoto wa mtu mwingine asifie njiani." Akaleta ngazi. Bati ishirini na nne zikang'olewa, maana kila mtu anajua tingatinga likija halikusubiri uokoe bati. Zimepangwa uani, na misumari imenyooshwa imewekwa kwenye kopo la maziwa.

Nikimwambia tuezeke, hataki. Anasema, "Nikirudisha paa, watasema Epifania amekataa maendeleo, watapitisha kwingine." Nikimwambia mvua, anasema mvua ilianza kumnyeshea kabla sijazaliwa. Anakohoa. Usiku huwasha moto wa mabua, na asubuhi ananiuliza kama nimesikia mngurumo wowote kutoka upande wa mjini.

8. Majirani. Hapa ndipo mmetushinda kabisa. Dominika, ambaye nyumba yake iko jirani na ya mama, aliona uchungu kurukwa na barabara. Akachanganya udongo mwekundu, akajichorea X yake, namba 8. Kesho yake ikatokea namba 9, na kwa Masalu kwenye nguzo ya zizi ikatokea namba 10 mara mbili, kwa sababu yeye na mkewe hawakushauriana. Hadi naandika hii tuna X kumi na nne, na ninyi mlichora moja. Jumamosi iliyopita mwanachama wenu mgeni alizifuata zote kwa uaminifu, akamalizia safari chooni kwa Dominika, Dominika akiwemo. Badilisheni kibao chenu, njia hiyo sasa iwe daraja la tano.

Kwa hayo yote, Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni dogo na la haki. Naomba klabu itujengee barabara.

Utasema ninyi ni klabu ya baiskeli. Sawa. Lakini mchora X ndiye mleta tingatinga, hiyo ndiyo desturi ya nchi. Utasema barabara itaharibu njia yenu ngumu. Hilo nimelifikiria kwa niaba yenu. Barabara ikishapita, acheni kuitengeneza, na kwa uzoefu wetu baada ya masika mawili mtakuwa na daraja la sita. Utasema hamna uwezo. Mbona mna uwezo wa kununua baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, na mnaifunga kwenye gari kuileta ilipo shida, shida ambayo mngetuuliza tungewaletea mjini kwa gunia?

Ikishindikana barabara, na nahisi itashindikana, basi naomba barua. Iwe ya chapa, iwe na muhuri wa bluu, kwa sababu mama karatasi isiyo na muhuri huwashia moto. Ndani yake msiandike kwamba barabara haiji. Nawaomba sana, hilo msiandike. Andikeni kwamba imepimwa upya na imesogezwa hatua arobaini, na kwamba Bi Epifania anashukuriwa kwa moyo wake na anaruhusiwa kuezeka nyumba yake mara moja kabla ya mvua. Hatua hizo arobaini ziwe za upande wa korongo, si upande wa Dominika, maana naye bati zake ameanza kuzihesabu kwa macho.

Mkimaliza, njooni na brashi na chokaa mfute X yenu. Mkifika shukeni. Lazeni baiskeli chini, zote, hata ile ya bei mbaya. Chuchumaeni. Atawauliza mvua, atawauliza ulezi. Jibuni chochote, lakini msiangalie saa.

Wasalimie wanachama wote pamoja na familia zao, msalimie Victor na goti lake, wasalimie mafundi wa gia huko mjini. Mwalimu Herieth anawasalimu, Masalu anawasalimu, na ng'ombe nao wangewasalimu kama si kengele.

Ni mimi, mkazi wa kituo namba 7,

Modesti Romani
Mtaalamu, Daraja la Nne

Tanbihi: Bwana Enock, hapa usisome kwa sauti. Pasome peke yako.

Lile swali la mama hamkuweza kulijibu kwa sababu hakuwauliza ninyi. Aliniuliza mimi. Aliniambia kwa Kifipa, "Modesti, hawa ndio watu wa barabara?" Kusema hapana kulikuwa rahisi, na wala sikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini alikuwa ameshika khanga mdomoni, anautazama mteremko. Tangu siku ile ya machela hajawahi kuutazama, akitoka nje hukaa ameupa mgongo. Nami nilikuwa mbele ya watu sita wenye helmeti, wananifuata mimi. Nikasema, "Ndiyo, mama. Wamefika."

Kopo la rangi lilipotolewa ningeweza kuwaambia mchore mshale.

Nilipanga kumweleza jioni. Jioni niliporudi kutoka zahanati kwa Victor nilimkuta juu ya ukuta, anang'oa misumari mwenyewe, anaimba. Ngazi ilikuwa inayumba, nikaenda nikaishika.