Bangi Halali ya Usinge

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Silasi, waheshimiwa watendaji mliopo na mliotoa udhuru, Baba Paroko, Mchungaji wa Moravian, Mzee Jivraj, uliyefunga duka Tabora mjini ukatuletea kipaza sauti, wazee wa kimila, akina mama, jeshi kubwa, na ninyi wakulima wa Usinge, wasikivu na wavumilivu: mimi Gerson, Mratibu Mkuu wa Mpango Jumuishi wa Zao Mbadala la Kimkakati, kwa heshima na taadhima, nasema itifaki imezingatiwa. (Makofi machache.)

Ndugu zangu, ukanda huu uliopitisha misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda pwani, babu zetu Wanyamwezi wakitoka jasho chini ya mizigo, ndio utakaopitisha bangi halali ya Usinge kuelekea viwanda vya dawa duniani, na safari hii kwa lori. (Kicheko.) Mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa msimu nilisimama papa hapa nikawatangazia kuwa bangi imeruhusiwa, nikawahimiza mng'oe tumbaku, nanyi mkang'oa, jambo lililonitoa machozi ya kiuongozi. (Mguno.)

Leo nimekuja kutathmini impakti ya kijamii na kiuchumi. Utafiti shirikishi nilioufanya, nikianzia nyumbani kwangu, unaonesha kwamba asilimia tisini na nane ya stekiholda wanaafiki, na asilimia mbili zilizobaki ni mke wangu. Bangi ikiwa halali, kijana hatavuta tena kwa kujificha kichakani, atavuta sebuleni mbele ya wazazi wake, na hapo malezi yatakuwa yameimarika. Magereza nayo yatabaki matupu, tutayageuza maghala, na...

(Mwanamke anasimama katikati ya uwanja: “Mheshimiwa, shikamoo.”)

Marahaba, Mama Kulwa! Kwa wasiomfahamu, huyu ni Levina, mke wa Damas, mkulima wetu wa mfano, aliyeng'oa tumbaku yote akapanda bangi kando ya barabara, bila hata uzio, kwa uwazi na uwajibikaji. (Makofi.)

(“Damas yuko mahabusu, Mheshimiwa. Polisi wamefyeka shamba. Alipowaambia umeruhusu wewe, walicheka. Kesi yake ni Jumatatu. Naomba hicho kibali nikamwoneshe hakimu.”)

Swali zuri sana, swali la kimkakati. Kibali, ndugu zangu, ni dhana pana. Kipo kibali cha ngazi ya fikra, kipo cha ngazi ya mchakato, na kipo kile ambacho wenye haraka hukiita karatasi, ambacho kwa uzoefu wangu ndicho dhaifu kuliko vyote, maana kinaloa.

(“Nataka hicho kinacholoa! Watoto wanalala na njaa. Tumbaku hatuna, bangi hatuna, baba yao hatuna.”)

Mama, Damas hayuko mahabusu; Damas yuko katika awamu ya majaribio. (Kelele. Mwenyekiti anaomba utulivu.) Na msidhani sisi viongozi hatuumii, nilipopata habari zake nilikuwa mezani, na nyama nilishindwa kuimaliza.

(“Basi njoo Jumatatu umwambie hakimu kwamba ulituruhusu wewe.”)

Jumatatu nina semina. (Zomeazomea.) Naona muda umetutupa mkono, kwa hiyo nihitimishe kwa kaulimbiu: nikisema bangi halali, mnaitikia maendeleo kamili! Bangi halali! Bangi halali! (Mtu anakohoa.)

Nawashukuru kwa dhati kwa kuupokea mradi huu mapema, kabla haujaandikwa, kabla haujaombewa idhini, na kabla sheria inayokataza bangi haijaguswa hata nukta. Ruhusa ile niliitangaza nikitumaini kwamba ingenifuata nyuma, maana ofisi ya mradi ni mimi, na hata huu Uratibu Mkuu nimeuomba tu, sijajibiwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayepiga makofi. Levina anapanda jukwaani, anakitwaa kipaza sauti mkononi mwa Gerson. “Jamani, mmemsikia kwa masikio yenu. Jumatatu nani anakuja na mimi mahakamani kuyasema haya?” Mkono mmoja unanyooka, wa pili, wa tatu, halafu uwanja mzima.)