Ripoti Yangu Dhidi ya Rangi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Wiki ya mwisho ya majaribio kazini. Ijumaa, Meneja wa kiwanda chetu cha kahawa ataamua iwapo atatia sahihi barua ya kunithibitisha kuwa Afisa Uzalishaji, ama nirudi kuwa mhitimu mtupu. Sharti nimpendeze. Nimefanya utafiti: Meneja, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya shule jirani, analichukia somo la sanaa tangu bintiye alipomchora akiwa na kichwa cha boga. Fursa! Nimeandika ripoti ya kurasa kumi na nne kuthibitisha kwamba somo hilo “hulemaza mikono inayohitajika kuchuma kahawa”. Kikwazo ni kimoja tu. Mwalimu wa sanaa ni Shangazi, ambaye kwake ninalala, ninakula na kufuliwa nguo. Nimeona si busara kumsumbua kwa habari hizo.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Meneja ameisoma ripoti. Yaani jalada. Amesema nina dalili za kufika mbali, akaamuru walimu wote wagawiwe nakala. Nikalewa sifa. Papo hapo nikaahidi kwamba kesho tutavuna mara mbili ya kawaida. Mbinu: wachumaji wasipoteze muda kuchagua, wakumbe kila kilichoko tawini.

Fundi wa mashine ya kumenya, mtu mwenye ulimi kama wembe, akaniuliza iwapo huko chuoni hatukuambiwa kwamba tunda la kahawa huchumwa likiiva, likiwa jekundu. Nikamfahamisha kwamba shahada yangu ni ya uongozi, na kwamba rangi ni suala la mtazamo. Akajibu: “Msomi, kahawa haisomi ripoti.” Wivu huo.

Jioni Shangazi amenipakulia ukoko mtupu. Sielewi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kreti ishirini zimejaa! Rekodi! Ila matunda ni ya kijani kama nyasi. Fundi amegoma kuwasha mashine. Eti tunda bichi halimenyeki, litapondeka pamoja na punje yake. Mara simu ikalia: mnunuzi mkubwa atafika kesho saa nane mchana kukagua matunda kabla hayajamenywa. Meneja amemwahidi wekundu mtupu, na amemtajia kwamba mwenye mavuno hayo ni mimi. Fundi alicheka hadi akashikilia mashine asianguke.

Nikatafakari. Mnunuzi huona ya juu. Basi ya juu na yawe mekundu! Zinahitajika rangi, brashi na mikono mingi midogo. Vitu hivyo vyote hupatikana mahali pamoja tu.

Nikamwendea Shangazi kwa unyenyekevu. Akaichomoa ripoti yangu chini ya mto wa kiti, akanisomea ukurasa wa tisa kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya jirani aliyekuja kuazima pasi. Jirani akaomba arudiwe aya ya pili. Kisha Shangazi akasema: “Haya, baba. Hiyo mikono iliyolemaa itakufaa kesho.” Sharti lake: niandike ripoti nyingine ya kuipinga ya kwanza. Nimeiandika. Imenishawishi hata mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi, kiwandani, watoto thelathini na brashi thelathini. Agizo langu lilikuwa fupi: nyekundu, basi. Maasi! Msichana mmoja mwenye miwani alinijulisha kwamba hakuna tunda duniani lenye wekundu wa namna moja. Utaanza na manjano, uje rangi ya chungwa, na upande wa chini utie kivuli. Shangazi akafuta machozi ya fahari. Nikawaachia, nikaenda kupiga tai yangu pasi.

Saa nane kreti ziling'aa kama zimeivia peponi. Mnunuzi akasifu. Meneja akanipiga begani, mara mbili! Kisha mnunuzi akainama, akatoa kioo cha kukuzia. Akatangaza kwamba anaona mashimo. Mdudu mtoboa matunda, kreti zote! Kiwanda kifungwe leo hii, mashamba yote yapigwe dawa. Meneja akakauka kama gogo. Nikamgeukia Shangazi. Akaninong'oneza, bila haya, kwamba yeye hufundisha watoto kuchora kitu kama kilivyo, na wanafunzi wake wanaijua kahawa ya kwao, pamoja na mashimo yake.

Nikinyamaza, kiwanda kimekwisha. Nikisema, nimekwisha mimi. Nikachagua njia ya kitaalamu: nikatwaa tunda moja na kulisugua ndooni mbele ya wote, kuthibitisha kwamba mdudu si wa kweli. Mdudu akatoka. Wekundu nao ukatoka.

Fundi alipiga makofi peke yake.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mnunuzi hakununua kahawa. Badala yake ameomba watoto wachore kitabu cha kuwasaidia wakulima kuwatambua wadudu. Anasema kwa miaka ishirini hajaona shimo lililochorwa vizuri namna ile. Meneja ametangaza kwamba somo la sanaa sasa litakuwa mara tatu kwa wiki, huku akiinua ripoti yangu ya pili. Ameisoma. Yaani jalada.

Barua yangu amenirudishia bila sahihi. Amesema nikaijue kwanza kahawa iliyoiva, na kwamba Shangazi amekubali kunipokea katika masomo ya ziada ya darasa la nne.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Dawati ni fupi. Magoti yamenifika kidevuni. Zoezi la rangi: nne kwa kumi. Shangazi amenisimamisha mbele ya darasa kuonyesha kijani ni ipi.

Lakini siku haikupotea! Niliyeketi naye, yule mwenye miwani, alikuwa akijiburudisha kwa kuiga sahihi ya Meneja kutoka katika cheti chake cha shule. Mkunjo kwa mkunjo! Nikamwuliza, kwa faida ya elimu tu, kama anaweza kuichora kwenye karatasi nyingine. Akataka kujua kama nahitaji ile ya Meneja akiwa ametulia au ya Meneja akiwa na haraka.

Kweli, sanaa ifundishwe kila siku. Nimemwambia ya haraka, nikaikunjua barua juu ya dawati.