Malalamiko Kuhusu Wanaosengenya Bomba Letu Nusu Nusu

Voi, Machi 1979

Kwako Ndugu Mhariri, na kwa wote mnaopanga herufi hapo gazetini,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeketi, kwa maana si barua ya kusomwa mtu akiwa amesimama. Mimi ni Tryphena, mke wa Reuben Mwandawiro, mama yake Wakio aliyeolewa Bura. Ni fundi wa nguo hapa Voi, na kanisani naimba sauti ya pili. Sijawahi kuliandikia gazeti. Lakini siri ya nyumba yangu imeenezwa mji mzima, nami nimeona njia moja tu ya kuilinda. Uichapishe mahali ambapo Kenya yote itaisoma, ili kila mtu ajue kwamba ni siri na asiitaje tena.

Siri yenyewe ni hii. Mimi humpiga mume wangu bomba, naye hupenda kupigwa.

Tafadhali usiweke gazeti chini. Baba Wakio ni nyapara katika shamba la mkonge. Kutwa anapuliza filimbi na kufokea watu juani. Watu hudhani mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani huendelea kufoka, lakini wangu hurudi amechoka na sauti yake mwenyewe. Wakati mmoja wa kiangazi alifunga choo mpaka akawa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Tukaenda hospitali, na muuguzi anayeitwa Sista Lois akampiga bomba, yaani akamwingizia maji ya vuguvugu kwa njia ya nyuma, kwa kopo na mpira. Akanifundisha na mimi, ili nimsaidie nyumbani mpaka tumbo lizoee. Tumbo lilizoea. Nikaosha kopo, nikaliweka juu ya kabati.

Siku moja Baba Wakio akaja kusimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea, anazungusha kofia mikononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

“Mama Wakio, lile kopo uliliweka wapi?”

“Tumbo limefunga tena?”

“Tumbo liko sawa.”

Nikaacha cherehani. Yeye akaangalia chini.

“Ile siku uliniambia nilale na ninyamaze,” akasema. “Tangu niwe nyapara hakuna mtu ameniambia ninyamaze. Nilisikia raha. Nimekuwa nikiifikiria mpaka kazini.”

Kisha akaniuliza, “Na wewe, ungependa? Kama hupendi, hatutaitaja tena.”

Nikafikiri. Nimeshona nguo za watu miaka na miaka nikiambiwa fupisha, refusha, punguza kiuno. Nikamwambia nami ningependa kusema neno lifuatwe. Basi tukazungumza, Mhariri, tena sana, tukiwa tumevaa nguo zetu zote na kunywa chai. Tukakubaliana lipi litafanyika na lipi halitafanyika. Mimi nitavaa kofia yake ya kazi na filimbi yake shingoni. Yeye atajibu, “Ndiyo, nyapara.” Na kwa kuwa maneno kama “hapana” na “basi” yangekuwa sehemu ya mchezo, tukatafuta neno la kusimamisha kila kitu papo hapo, neno ambalo mtu hawezi kulisema kwa bahati mbaya wakati kama huo. Tukachagua Maktau, kile kituo cha reli ya kwenda Taveta. Sasa naweza kueleza malalamiko yangu.

1. Nalalamika juu ya ukuta na jirani aliye nyuma yake. Nyumba zetu zimeungana, na ukuta wa katikati haufiki kwenye mabati. Upande wa pili anakaa Bwana Ndulu na mkewe Mutindi. Bwana Ndulu alikuwa mtu wa bendera kwenye hiyo hiyo reli ya Taveta, na sasa amestaafu. Jumapili moja baada ya ibada, joto likiwa limewalaza hata kuku, mimi na Baba Wakio tulikuwa katika shughuli yetu. Amelala upande wa kushoto, amefunikwa shuka kwa heshima. Mimi nimeshika kopo.

“Usisogee!” nikamwambia.

“Ndiyo, nyapara.”

Mara tumbo likamkaza. Nikaona kidole cha mguu kinajikunja, na kabla sijauliza akasema, “Maktau.” Nikafunga koki ya mpira na kushusha kopo papo hapo, kama tulivyokubaliana. Lakini msokoto ulikuwa mkali, naye akaendelea kwa sauti ile ya shambani: “Maktau! Maktau, mama!”

Upande wa pili Bwana Ndulu alikuwa amelala. Mutindi alinieleza baadaye kwamba aliruka kitandani na kutafuta bendera chini ya mto, akidhani treni imefika yeye hajaamka. Akatoka bila shati, akasukuma mlango wetu kwa bega, akaingia akiuliza, “Iko njia gani?”

Akaniona nimevaa kofia na filimbi, mpira mkononi. Akamwona Baba Wakio chini ya shuka. Akasimama wima kama askari.

“Samahani, nyapara,” akaniambia, akarudi kinyumenyume hadi nje.

Mpaka hapo sina ugomvi naye. Mtu akiitwa na kazi yake, huitika. Ugomvi wangu ni kwamba hakuishia nje. Aliendelea hadi sokoni.

2. Nalalamika juu ya sokoni. Kesho yake nilipokwenda kununua mboga nilikuta mume wangu ameshakuwa baiskeli. Ndiyo, Mhariri. Kwa kuwa bomba ni neno lenye kazi nyingi, wengine walisema namjaza upepo. Mwuza nyanya mmoja aliapa kwamba naye amemwona akivuka barabara akiwa amefura. Wengine wakasema nimeleta nyumbani mashine ya kukamulia mkonge. Kila nilipopita, mtu alitoa sauti: “Psssss.”

Mimi ngozi yangu ni ngumu. Lakini huko shambani vibarua walijificha nyuma ya mistari ya mkonge, na Baba Wakio alipopuliza filimbi, shamba zima likajibu, “Psssss.” Alirudi jioni hiyo akaketi nje kwenye kigoda, akakataa chakula. Nikamwuliza, akasema, “Nitaacha kazi. Nitarudi kwetu Mghange nikalime kabichi. Kabichi haitoi sauti.”

Alichukua kopo juu ya kabati, akalificha nisikojua. Kofia na filimbi akaviacha kazini. Hakuniita nyapara tena. Aliniita Tryphena, kama mtu anayesoma jina langu kwenye karatasi. Hayo, Mhariri, ndiyo yaliyoniuma kuliko soko lote.

3. Nalalamika juu ya wazee wa kanisa, ingawa kwa unyenyekevu. Tuliitwa mbele yao. Mwenyekiti wao, Mzee Thadeus, aliniuliza kwa upole, “Mama Wakio, ni kweli unampiga mumeo?”

“Simpigi, Mzee. Nampiga bomba.”

Mzee mmoja akakohoa mpaka akaletewa maji, na alipoyaona hayo maji akakohoa zaidi.

Mzee Thadeus akamgeukia mume wangu. “Reuben, ulilazimishwa? Sema bila kuogopa. Mkeo tunaweza kumtoa nje.”

Nilimtazama Baba Wakio. Mtu huyu alikuwa hajala vizuri tangu Jumapili ile. Angeweza kusema nimemlazimisha, akaenda zake na heshima yake. Akasimama.

“Hapana, Mzee. Mimi ndiye niliyeomba. Tena nilipotaka iishe, iliisha. Sijawahi kuagiza kitu katika dunia hii kikafuatwa upesi namna ile.”

Kisha wazee wakajadiliana mbele yetu ili wajue kosa liko wapi hasa. Maji hayakuwa na kosa, kwa sababu hospitali pia huyatumia. Mpira nao ukaachiliwa. Kofia ni mali ya shamba la mkonge, nje ya mamlaka ya kanisa. Shuka ilisifiwa. Ikabaki filimbi, na juu ya filimbi hawakuelewana hata kidogo, ndipo wakaamua kwamba dhambi ni filimbi. Tukaambiwa tukae viti vya nyuma na tusiimbe mpaka tutakapoitafakari. Nimeitafakari. Naomba kwaya irudishiwe sauti ya pili, maana Jumapili iliyopita wimbo wa kwanza uliyumba kama lori la mkonge.

4. Hili la nne ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hapa nitaomba usicheke.

Yuko Bwana Kimeu, mwenye kilabu karibu na stesheni. Yeye naye alisikia habari zetu, lakini zilipomfikia zilikuwa zimepungua njiani. Alichosikia ni kwamba bomba linampa mwanamume furaha. Hakusikia maji gani, kiasi gani, wala kwamba watu wawili hukubaliana na kuangaliana. Basi akajifungia peke yake, tayari amelewa, akatumia mpira wa kumwagilia maua, bia baridi na sabuni ya unga ya kufulia. Alikutwa sakafuni, hajitambui, amebadilika rangi. Wakamkimbiza hospitali kwa mkokoteni.

Sista Lois anasema pombe ikipita njia ile huingia katika damu mara moja, na mwili haupati nafasi hata ya kuitapika. Sabuni nayo ilikuwa imemchoma utumbo. Walipigana naye usiku kucha. Alipoweza kusema, akaulizwa ni nani aliyemfundisha. Akajibu, “Mama Wakio.”

Nilipoletewa habari hiyo nikaketi juu ya gauni la bibi harusi la mtu. Baba Wakio alikuwa nje kwenye kigoda chake. Alisikiliza yote, akaingia ndani akavaa shati.

“Unakwenda wapi?” nikamwuliza.

“Kwa Kimeu. Twende, mama.”

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa na wodi imejaa. Kati ya wageni walikuwako vibarua wake kadhaa, na nilisikia “Psss” moja ikianza pembeni. Baba Wakio akasimama miguuni pa kitanda cha Kimeu, akatoa ile sauti ya shambani ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau.

“Sikilizeni! Mmesema mimi hupigwa bomba. Ni kweli. Sasa sikieni na sehemu ambayo hamkusema. Maji ni ya vuguvugu, yajaribiwe kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Maji safi, na chumvi kiasi atakachokuonyesha muuguzi. Si bia! Si sabuni! Si kahawa! Kopo linainuliwa kidogo tu, halitundikwi kwenye boriti, na maji yaingie polepole. Mpira ni ule laini wa hospitali, umechemshwa, umepakwa mafuta, na hauazimwi mtu. Mwenye bawasiri, anayetoka damu, mgonjwa wa moyo, mwenye tumbo linalouma bila sababu, asiguse, aende kwa daktari. Si mchezo wa kila siku. Na aliyelewa, au aliye peke yake, hapana! Ukisikia maumivu, unasema, na mwenzako anaacha hapo hapo. Mwenzako asiyeacha, huyo si mchezo anacheza. Huyo anakuumiza.”

Sista Lois, aliyekuwa mlangoni na sinia la dawa, akasema tu, “Ni hivyo hivyo.”

Kibarua mmoja akainua mkono taratibu, kama yuko shuleni. “Na filimbi, nyapara?”

“Filimbi ni hiari,” akajibu Baba Wakio.

Walicheka, Mhariri, lakini kicheko kilikuwa kingine, cha watu walioketi pamoja. Kimeu naye akajaribu kucheka, akashika tumbo. Sasa amepona, na kilabuni kwake haruhusu mtu kutoa sauti ya “psss” hata anapofungua chupa. Kesho yake Baba Wakio alirudi kazini, na alipopuliza filimbi watu wakaenda kazini. Jioni akarudi na kofia, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, akaniuliza kama chai iko tayari, akaniita nyapara. Nililia kidogo juu ya cherehani.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Watu wa Voi waambiwe kwamba mambo ya nyumba ya mtu ni ya nyumba ya mtu. Wakishindwa kuacha kusengenya, basi wasengenye kikamilifu. Anayesimulia habari za bomba bila kutaja kiwiko na bia achukuliwe kama mtu aliyetoa dawa nusu. Tena kila jirani mwenye sikio alilaze juu ya mto wake, si juu ya ukuta wa mwenzake, kwa maana hakuna tabia iliyo mbaya kuliko hiyo hapa duniani, nami sitaacha kuikemea.

Wasalimie wote hapo ofisini na nyumbani kwako. Mume wangu anakusalimu, Sista Lois anakusalimu, Kimeu anakusalimu akiwa anakunywa uji. Wakio na watoto wa Bura hawajui habari hii, kwa hiyo wasalimie kwa kutowatumia gazeti la siku hiyo.

Ni mimi, mwenye kulinda siri zake,
Tryphena Mwandawiro

Tena: Nimechelewa kufunga bahasha kwa sababu nilikuwa nimeegemeza sikio ukutani, kwa ajili ya joto. Mawe hupoza sana. Nikiwa hapo, bila kukusudia, nimemsikia Mutindi akimwambia mumewe, “Piga magoti,” naye Bwana Ndulu akajibu, “Nimeshapiga, sasa?” Hapo hapo ikapita treni ya mizigo, ndefu, sikusikia tena lolote. Baba Wakio, ambaye naye alikuwa anapoza sikio, anasema huenda walikuwa wanasali. Lakini mtu husali akicheka namna ile? Naomba msomaji wako yeyote anayekaa upande wa pili wa nyumba yao atuandikie upesi sehemu iliyobaki.