Sharubu Zilizoingia Majini

Asali hakuwahi kushika hata nyundo. Ila siku aliposikia kinyozini kwamba mwenye maghorofa anatafuta fundi wa kumtengenezea sura yake kwa vigae, nyuma ya chemchemi ya uani, ufundi ulimwingia palepale, povu likiwa bado shavuni.

"Vigae vya mkono, mzee wangu, si vya dukani," alimwambia tajiri jioni ile. "Jirani yako kaweka samaki kwenye chemchemi yake. Kwenye yako utakaa wewe mwenyewe, na sharubu zako."

Mwenye maghorofa akazipapasa. "Zitatosha ukutani?"

"Ukuta ndio utatafuta nafasi."

Yakaisha. Ujira ulikuwa ile pikapu ya bluu iliyolala uani. Funguo angekabidhiwa maji yakifunguliwa mbele ya wageni. Asali alikuwa ametembea kwa miguu maisha yake yote, nusu ya safari hizo akikimbizwa.

Kazi yenyewe akaipeleka kwa Bibi Tanuru, mfinyanzi wa nyuma ya soko, kwa ahadi kwamba pikapu itakuwa yao wote wawili. Bibi alikuwa amebeba udongo kichwani tangu usichana. Gari alilitaka kuliko alivyowahi kumtaka mume. Akafinyanga, akapaka rangi, akaandika namba mgongoni mwa kila kigae. Akatengeneza seti mbili, kama wafanyavyo wafinyanzi, maana tanuru halikosi kula chake.

Sasa Asali, Mungu amsamehe, alikuwa na kilema kimoja: hakumwachia mtu amalize sentensi.

Asubuhi ya shughuli alikuta seti ya kwanza imo tanuruni, inapoa. Ya pili ilikuwa rafuni, kavu, sharubu zimesimama wima.

"Hivyo vya rafuni, mwanangu, bado—"

"Bado nini, bibi yangu? Vimekauka mpaka vinacheka. Wewe kaoge, uvae, nitakupitia."

Bibi alifungua mdomo mara ya pili, akaona hauna nafasi, akaufunga. Akamtazama akivipakia kwenye mkokoteni. Kupitiwa, hakupitiwa.

Alasiri ua ulijaa. Vigae vilikuwa vimebandikwa kwa gundi, namba kwa namba. Maji yakafunguliwa, na Asali akanyoosha mkono kupokea funguo.

Zilianza sharubu. Ziliteremka taratibu hadi kidevuni zikawa ndevu, ndevu zikashuka zikawa tai. Pua ikaona haya kubaki peke yake, ikazifuata.

"Jirani," aliuliza yule wa samaki, kwa upole kabisa, "daktari anasemaje?"

Hapo Bibi Tanuru akaingia na wapwa wake wawili, vikapu vichwani. Akatoa kigae, akakigonga kwa kucha. Kikalia kama kikombe.

"Vile vilikuwa udongo mbichi, mzee. Hivi vimepita motoni."

Jua halijazama, sharubu zilikuwa zimesimama tena na maji yanazipita bila kuzidhuru. Funguo zikaenda kwa bibi. Asali akaingia kwenye birika la chemchemi na ndoo kuzoa tope, suruali imekunjwa magotini, wageni wakimwonyesha alikobakiza.

"Usimwage, mwanangu, udongo wangu huo," alisema Bibi Tanuru. "Pakia nyuma."

Akapakia, ndoo baada ya ndoo, hadi ya mwisho. Kisha akasogea kwenye dirisha la pikapu, bibi keshaketi ndani, matope yamemfika kwenye nyusi.

"Lakini bibi, si ungenia—"

Mpwa akawasha gari.