Historia ya Ligi Iliyomo Ndani ya Viatu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Tangu asubuhi nagonga visigino huku fundi saa akinifundisha mpira. Chumba hiki tumekipanga watatu: mke wangu na cherehani yake dirishani, mimi na viatu vyangu pembeni yake, na fundi saa nyuma kabisa chini ya taa, jicho moja limezama kwenye lenzi. Mtu wa namna hiyo anaona gurudumu dogo kuliko punje ya ulezi, lakini haoni timu nzuri ikipita mbele yake. Anasema ligi ikifunguliwa Jumamosi, Matofali watawafunga Viberiti. Matofali! Waliopanda daraja juzi tu!

Nikacheka. Viberiti hawajawahi kufungwa kwao siku ya kufungua ligi, tangu ligi ikiwa na timu nane na refa akienda uwanjani kwa baiskeli. Nayajua haya kwa sababu kiatu nikishakishona nakijaza magazeti makuukuu kisipoteze umbo, na sijazi gazeti kabla sijalisoma. Elimu yangu yote imepitia kwenye vidole vya watu.

Akasema kama nina uhakika tuwekeane. Nikamkumbusha nimemwapia mke wangu kwamba sitaweka tena pesa kwenye mpira. Akauliza nani ametaja pesa. Anataka nafasi ya dirishani. Taa imemchosha macho, anataka mwanga wa mchana. Nikishinda mimi, atanifagilia chumba mwaka mzima. Tukapeana mikono. Mke wangu alikuwa ametoka kununua uzi.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala vizuri. Ukweli ni kwamba dirisha si langu hasa. Ni la mke wangu. Ana oda ya sare za shule, kitambaa cheusi, uzi mweusi, na macho yake tangu mwaka jana yanatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha. Akitolewa dirishani, oda imekwenda, na oda hiyo ndiyo inayotulisha. Lakini nani atamtoa? Wa kushindwa ni nani?

Hata hivyo nikaona heri nihakikishe. Nikachomoa magazeti yote kwenye viatu vya mwalimu mkuu, nikayanyoosha gotini. Yote yananiunga mkono. Kuna mwaka Viberiti walifungua ligi kwa mabao matatu, mvua kubwa, kipa kavaa koti kwa sababu hakuwa na kazi ya kufanya. Nikafurahi mpaka nikasahau kurudisha magazeti. Mwalimu mkuu akaja, akakuta viatu vimebonyea mbele. Akaniuliza nimevishona au nimevikalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Fundi saa hana haya. Leo amepima dirisha, tena kwa utepe wa mke wangu, eti ajue meza yake itakaaje. Mke wangu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nilimtuma, nataka kumwekea pazia.

Sijui ulimi ulinitoka vipi. Mama wa watu akafurahi hata nikakosa pa kutazama. Kumbe amelitamani pazia miaka yote, jua la saa tisa linampiga usoni, ila hakutaka kunisumbua. Akachukua kitambaa alichojiwekea cha gauni, akakikata palepale. Sasa uongo wangu una pindo na vitanzi. Fundi saa kaliona pazia, akasema rangi ameipenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumesikiliza kwa redio. Mke wangu alikwenda kwa dada yake, afadhali.

Kabla mpira haujaanza mtangazaji akasema wenyeji Viberiti leo wanachezea uwanja wa kuazima, kwa kuwa uwanja wao umechimbwa wote, unapandwa nyasi mpya. Nikamuuliza fundi saa kama alijua. Akasema kila mtu anajua, imetangazwa tangu Juni. Mimi nitajuaje? Gazeti langu jipya kuliko yote ni la msimu uliopita. Hakuna anayeleta kiatu kibovu pamoja na gazeti la leo.

Mabao mawili kwa bila. La pili alijifunga nahodha wa Viberiti mwenyewe, kwa kichwa, na alilipiga vizuri. Nikasema dau limekufa, maana mimi nilizungumzia mechi za nyumbani. Akasema yeye hakutaja nyumbani, alitaja Viberiti. Nikafunga redio. Nilishinda historia, nikapoteza dirisha.

Jumapili, 10 Agosti

Tumefungua leo kwa ajili ya oda. Nimemwambia mke wangu. Alikuwa juu ya kigoda akitundika pazia, pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka begani. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Akasema siku zile napoteza pesa zangu alinihesabu mgonjwa, na mgonjwa huuguzwa. Lakini macho haya ni yake. Nilimwomba nani ruhusa ya kuyachezea?

Nimeona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu ajione mdogo nyumbani kwake. Mke wangu akashuka, akaanza kuisukuma cherehani kuelekea nyuma. Nilipotaka kumsaidia alinisogeza kwa kiwiko.

Hapo fundi saa akavua lenzi. Akasema, mama, wewe bakia hapohapo, mimi niliwekeana na huyu bwana wako, sikuwekeana na wewe. Wa kuhama ni yeye. Kisha akamwapia hatabishana nami tena habari za mpira maisha yake yote. Mke wangu akamshukuru. Mimi nikabeba nyundo zangu.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika kutoka nyuma. Wao wako dirishani, pazia limewakaa vizuri. Fundi saa anamtungia mke wangu uzi kwenye sindano, kwa lenzi ile ile, mara moja tu umeingia. Leo wamecheka pamoja. Mimi nimejigonga kidole. Sina wivu. Kidogo tu.

Mchana nikafungua viatu vya nesi, nikakuta kipande cha zamani sana: Viberiti wakifungwa mechi ya kwanza, hawajawahi kufungwa ya pili. Tangu ligi ianze! Nikamwendea mke wangu, nikamwambia tumalize jambo hili kiungwana. Wakishinda Jumamosi, narudi dirishani. Wakifungwa, naacha kuwekeana dau la aina yoyote, na yeyote, hadi naingia kaburini. Akanitazama, uso umechoka, akanipa mkono. Nadhani anaomba wapinzani wa Jumamosi wawe Matofali wengine.

Fundi saa akacheka mpaka lenzi ikamdondoka. Anasema hata wakifungwa sitaacha, hata mwezi sitaumaliza. Limeniuma. Mtu mzima kutiliwa shaka neno lake mbele ya mkewe! Nikamfuata nje alipotoka kunywa maji, nikamwambia kama ana uhakika tuwekeane. Akasema ameapa. Nikamwambia aliapa habari za mpira, na huu si mpira, ni tabia yangu.

Tukapeana mikono: nimeweka dau taa ya huku nyuma kwamba nitaacha kuwekeana. Sioni namna ya kushindwa.