Mtaa Uliofungwa Ili Uchangamke

Wananchi, wadau, wapenda maendeleo na wapita njia wote walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu Mtaa wa Maduka utahuishwa. Na ili uhuishwe vizuri, maduka yote yatafungwa.

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti na Mratibu wa Mpango Shirikishi wa Kuhuisha Biashara Mtaani, mtu mwenye sauti nene na kitambi cha staha. Alipofika kwenye neno "yatafungwa" alinyamaza kidogo, watu wapate nafasi ya kupiga makofi. Hawakupiga. Mratibu akaona wazi kwamba jamii ile bado haijajengewa uwezo wa kupiga makofi.

Uamuzi wenyewe haukuokotwa njiani. Kamati ilikuwa imekwenda ziara ya mafunzo katika mji mmoja tajiri, ikalala hoteli ya maana, na siku ya kuondoka, Jumapili asubuhi, ndipo ilipopelekwa kuuona mtaa wa biashara. Barabara imefagiliwa ikafagilika. Hakuna mkokoteni, hakuna kelele, hakuna anayekuvuta shati akikuita bosi. Na maduka yote yamepigwa kufuli. Wajumbe wakatazamana. Kumbe siri yao ndiyo hii! Wenzetu wamefunga ndiyo maana wametajirika, sisi huku tunajichosha kufungua! Mratibu akapiga picha za kutosha, na aliporudi nyumbani hakuna aliyemuuliza ilikuwa siku gani.

Mratibu naye alikuwa na lake. Kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi. Kila asubuhi akipita mlango ule alichungulia, akakiona kile kiti cha ngozi kinachozunguka, akakimezea mate. Waziri angekuja kuuzindua mtaa. Ukipendeza, kiti ni chake. Usipopendeza, atazeekea kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya.

Kikwazo kilikuwa shangazi yake. Shangazi, fundi cherehani, ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamshonea hata suti aliyoendea usaili wa kazi. Na duka lake lilikuwa katikati kabisa ya mtaa.

"Shangazi, hili ni kwa faida yako," Mratibu alimweleza.

"Faida yangu ni kufungiwa duka?"

"Unahuishwa, shangazi."

"Kwani nilikufa lini?"

Swali hilo halikuwamo katika hadidu za rejea, kwa hiyo hakulijibu.

"Na nguo za watu je? Nina bibi harusi wa Jumamosi. Nimwambie avae mpango?"

"Wadau wote watazingatiwa."

"Mwanangu, usinizingatie. Niache nishone."

Ilimuuma, tusimsingizie. Alimpenda shangazi yake kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana alilifunga duka lile kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima zote, kisha akambebea cherehani mpaka kona.

Kutoka pale kona, cherehani ilikwenda kutua nyuma ya ofisi za Mpango, kwenye maegesho ya magari, penye kivuli cha ukuta. Kesho yake kinyozi akatundika kioo chake kando yake. Akafuata fundi viatu, akaja muuza ndoo na masufuria, na haikupita muda maegesho yakawa hayana pa kukanyaga. Wajumbe wa kamati wakawa wanaegesha magari yao Mtaa wa Maduka, ambako nafasi ilikuwa tele. Mratibu naye alifunga madirisha ya nyuma kwa sababu kelele za wateja zilimsumbua. Alikuwa akiandika taarifa kuhusu uhaba wa wateja.

Kisha wizara ikaleta habari: Mheshimiwa angependa kuona biashara ikichangamka. Kamati ikakuna kichwa, halafu ikamwita mchora mabango. Akapaka rangi kila mlango uliofungwa, ukawa mlango uliofunguliwa. Akachora rafu zimejaa bidhaa na wateja wanatabasamu. Kwenye mlango wa shangazi alimchora fundi ameinamia cherehani, na juu yake akaandika: KARIBU NDANI, TUNASHONA PAPO HAPO. Fundi huyo alikuwa mwembamba kuliko shangazi, tena hakuwa mbishi. Mratibu alipenda sana.

Siku ikafika. Waziri aliuona mtaa akiwa ndani ya gari, akafurahi. Akashuka, akakabidhiwa mkasi. Utepe ulikuwa chini kidogo, kwa sababu wajumbe walioufunga walikuwa wamekaa. Mheshimiwa akainama, akainama tena, na hapo suruali yake ikapasuka nyuma kwa sauti iliyowafikia hata wa mwisho.

Akapeleka mkono nyuma, macho yakamtoka. Akaona mlango wa fundi, uko wazi, tena papo hapo. Akautimulia mbio. Bati la mlango likalia bwaa!

"Mlango gani huu?" akafoka, ameshika paji la uso kwa mkono mmoja na suruali kwa mwingine.

"Ni mlango wa kimkakati, Mheshimiwa."

"Nataka fundi!"

"Fundi ndiye huyo, Mheshimiwa. Anatabasamu."

"Fundi anayeshona, wewe!"

Mratibu alikiona kile kiti cha ngozi kikizunguka na kumpa mgongo. Lakini afanyeje? Alivua koti, akamfunga Mheshimiwa kiunoni, akamwongoza mpaka maegesho.

"Ivue, baba," shangazi alisema bila kushangaa, akampa kitambaa cha kujisitiri. "Hapa hakuna mgeni wa suruali."

Waziri akasubiri amekalia ndoo iliyopinduliwa chini juu, akitazama huku na huku. Watu walikuwa wananunua, wananyolewa, wanabishana bei.

"Hawa wote ni akina nani?"

"Ndio tuliofungiwa ili tuchangamke," shangazi akajibu, na sindano mdomoni.

Mratibu akafumba macho. Waziri akaendelea kutazama mpaka suruali yake iliporudi. Akaivaa, akainama kuijaribu, ikakubali.

"Hawa wafungulie," akasema. "Wana mikono, waitumie. Ila zile picha nimezipenda. Yule wa mlangoni haombi posho, haendi ziara, na tangu nimgonge hajaacha kutabasamu. Mmezikosea mahali tu."

Maduka yakafunguliwa wiki hiyo hiyo. Mchora mabango akaitwa ofisini. Mlango wa Mkurugenzi ukapigwa kufuli, na juu yake kikachorwa kile kiti cha ngozi, na Mratibu amekikalia, kalamu mkononi, anatabasamu. Wananchi wenye shida hufika pale wakasimama na kueleza. Wanasema huduma haijabadilika, ila huyu wa sasa angalau hasemi njoo kesho.

Mratibu mwenyewe yuko dukani kwa shangazi, kwenye meza ya pasi. Shangazi alimpokea bila maneno mengi, akampa kiti cha mbao, na yeye akalia kidogo, akasingizia mvuke.

Juzi mchora mabango aliingia kuchukua shati lake, kabeba futi ya kupimia.

"Nina safari," akasema. "Nimeitwa wizarani, nikapime mlango wa Waziri."

"Kakuita mwenyewe?" Mratibu akauliza.

"Mwenyewe bado hajaambiwa."

Shangazi akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Kisha akavuta kiti kingine, akakifuta vumbi, akakiweka upande wa pili wa meza ya pasi.